Sahani ya Jumanne

"Mtaje!"

"Simtaji."

"Mama Nasibu, mtaje, hawa watu wote wasikie. Usipomtaja wewe, mchi huu utamtaja!"

Palepale tulipowaacha, msomaji, hakuna aliyesogea. Ni Ijumaa saa nane mchana, uani kwa Nikolao, kijijini Makote. Priska, mjane wa siku tatu, mchi mkononi. Rahima, ndiye Mama Nasibu, jirani yake kwa miaka thelathini, mgongo umegota kwenye ua wa mabua. Na lile neno lililomponyoka Rahima bado linawasha masikio ya watu: "Mumeo hakukamatwa kwa sura yake tu. Alitajwa. Na aliyemtaja ameshiba ugali wako kuliko mimi."

Aliyekosa ya nyuma tumpe mawili matatu naye aingie. Nikolao, fundi baiskeli, miaka sitini na tisa, Jumanne alipanda baiskeli akateremka gulioni Chiungutwa kutafuta spoki. Akakuta kizuizi. Polisi walikuwa kwenye msako wa watu wanaovuka Ruvuma bila karatasi. Wakamwona ana chale usoni, ile mistari ya kizamani aliyochanjwa utotoni kama wenzake wote wa rika lake. Wakasema huyu Mmawia, Mmakonde wa ng'ambo. Wakampiga virungu mbele ya gulio zima, tangu saa tano mpaka adhana ya adhuhuri. Alfajiri ya Jumatano akafia mahabusu.

Na karatasi ya polisi inasemaje? "Mwanamume, raia wa nchi jirani, hana ndugu." Kesho saa nne asubuhi halmashauri inamzika kule wanakozikwa wasio na wenyewe.

Haya. Mchi uko juu.

"Nipige!" Rahima akabetua mdomo. "Nipige, halafu ukashitakiwe kwa hao hao polisi. Wakikuuliza mke wa nani, utajibu nini? Mke wa maiti ya ng'ambo?"

"Aaah!" watu wakaguna. Ile ya utamu, si ya huzuni. Uani palikuwa na watu kama arobaini waliokuja kuhani. Moto haujawashwa, uji haujapikwa, lakini nani aondoke panapochemka hivi?

"Ila jamani, tuseme ukweli." Aliyekohoa ni Silvano, ambaye Nikolao alimzibia pancha bure miaka ishirini. "Zile chale zake za shavuni, mimi siku zote niliziona si za huku."

Priska akamgeukia. "Si za huku? Baba yako mzazi alikuwa nazo!"

"Za baba yangu zilinyooka."

"Na kusema kwake," akadakia mwanamke mmoja nyuma. "Alikuwa anavuta maneno."

"Sote tunavuta maneno! Tumeanza na Chimakonde ndipo tukafika kwenye Kiswahili!"

"Ndiyo. Lakini yeye alivuta zaidi."

Basi hivyo. Jumatatu Nikolao alikuwa Baba Lameck, mzee wa kanisa, mwenye pampu ya kijiji. Ijumaa hii hata wale aliowasimamia watoto wao ubatizo walikuwa wanaupima uso wake kama wapimavyo kiwanja.

Aliyewakata maneno, na haya ndiyo maajabu ya ulimwengu, ni Rahima mwenyewe.

"Nyamazeni, wanafiki! Mimi nilikuwepo. Karai langu la mihogo lilikuwa hatua kumi kutoka kizuizini. Saa ileile alipita mzungu mmoja wa mradi, hana mkononi hata karatasi ya kufungia karanga. Kizuizi juu, saluti juu! Nyuma yake Nikolao wa Makote, anaulizwa pasi ya kusafiria aende Chiungutwa!"

Priska akashusha sauti. "Na wewe ulifanya nini?"

Rahima akatazama mchanga.

"Nakuuliza, Mama Nasibu. Walipokuwa wanampiga, wewe ulifanya nini?"

"Niliuza mihogo."

"Ukauza mihogo."

"Watu walisimama kutazama. Watu wakisimama, wanakula. Iliisha yote."

Mchi ukashuka. Wanawake wakajifunika macho kwa vidole vilivyoachana. Ukazama mchangani, upana wa kidole kutoka kwenye mguu wa Rahima.

"Kamuulize mtani wako!" Rahima akapiga ukelele. "Kamuulize Abuu, leo siku ya tatu kwa nini hajatia mguu msibani! Na hiyo sahani yako ya Jumanne kaifukie, inanuka mpaka kwangu!"

Tuanze na sahani. Jumanne Priska alipika ugali wa muhogo na kisamvu, akampakulia mumewe, akafunika kwa kawa, akaweka mkekani kando ya kigoda chake. Nikolao hakurudi. Jumatano habari ilipofika Priska akaapa: kawa halifunuliwi mpaka mwenye chakula arudi nyumbani, hata akirudi ndani ya sanduku. Siku tatu za joto la Makote. Aliyeingia chumba kile alitoka ameziba pua.

Na Abuu? Abuu ni Myao, Nikolao Mmakonde: watani. Na kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Yeye ndiye anayewasha moto wa matanga. Ndiye anayeonja chungu kabla ya mtu yeyote. Ndiye anayemtukana marehemu mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka, na akilala kaburini hatoki mpaka abembelezwe. Ndiyo maana ua ule haukuwa na moto. Watu walikwenda kula kwao wakarudi, wanamngoja Abuu, na Abuu haji.

"Abuu hawezi," Priska akasema. "Abuu na Baba Lameck walichezea..."

Simu yake ikalia kiunoni. Lameck, mwanawe wa kwanza, aliyekaa mlangoni pa mochwari tangu jana.

"Mama, wamechimba. Nimewafuata, nimeliona kwa macho yangu."

"Si walisema kesho?"

"Wamechimba leo wazike kesho. Mama... ni fupi."

"Fupi nini?"

"Kaburi. Nimewaambia baba ni mrefu. Mmoja akacheka, akasema atakunjwa."

Priska aliirudisha simu kiunoni kama mtu anayefunga kidonda.

* * *

Hajakaa, mwenyekiti wa kijiji akaingia. Mzee Khalidi, kofia mkononi, daftari kwapani, jasho kama kanyeshewa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Lameck. Nimetoka kituoni sasa hivi."

"Wamekubali?"

"Wamekubali kwa sharti."

Watu wakasogea. Hata waliokuwa wamelala vivulini wakaamka.

"Barua yangu ya kuthibitisha kwamba Nikolao ni wetu wataipokea ikiwa na shahidi. Mtu mzima, si ndugu, si mke, si mtoto. Mtu aliyemjua Nikolao tangu utoto, aseme alizaliwa hapa, atie dole gumba. Ifike kabla ya saa nne kesho, mwili tunapewa. Isipofika..."

"Kitambulisho alikuwa nacho mfukoni!"

"Wanasema hawakukiona."

"Daftari la ubatizo?"

"Padri kanionyesha. La miaka ile limebaki jalada. Mchwa." Mzee Khalidi akafungua daftari lake, akalamba ncha ya kalamu, akawageukia watu. "Haya, ndugu zangu. Nani alimjua Nikolao tangu utoto?"

Ungewaona, msomaji! Watu arobaini wakaanza kutafuta vitu chini.

"Mimi nilikuwa mdogo sana," akasema mzee asiye na jino.

"Mimi nimjue wapi, nilikuwa kwa mjomba."

"Mimi ningesema, lakini nina binti anaomba kazi serikalini."

Silvano akainua mkono. Priska akaanza kumshukuru Mungu.

"Nauliza tu," akasema Silvano. "Yule shahidi, na yeye atapigwa?"

Priska akamrudia mwenyekiti. "Na wewe je, Mzee Khalidi? Umekula Krismasi kumi na ngapi humu ndani?"

"Mimi nililetwa hapa mwaka wa vijiji, mama. Nilimkuta ana ndevu." Akasogea karibu, akafungua vifungo viwili vya shati. Tumboni, chale. Mistari ileile, imechoka kwa uzee. "Na tangu Jumanne," akanong'ona, "mimi shati sivui hata kisimani."

Akajifunga haraka.

"Wa rika lake waliingia jando kumi na wawili," akasema kwa sauti. "Kumi tumeshawazika. Mmoja yuko mochwari. Hesabu mwenyewe aliyebaki."

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Aliyebaki ni Abuu, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, kabla baba yake fundi cherehani hajahamia Chiungutwa.

"Niitieni bodaboda," Priska akasema. "Nakwenda kumfuata."

Bodaboda haikuhitajika. Honi ililia njiani. Difenda ya polisi ikapenya mikorosho, ikasimama mlangoni, vumbi likawavaa wafiwa kama unga. Akashuka Sajenti Zabroni, bunduki begani. Kijana bado, kiatu kinang'aa, kaletwa huku miezi mitatu tu, na kwao ni mbali sana na Ruvuma.

Nyuma ya gari akashuka mzee mwembamba mwenye kanzu na baraghashia.

Abuu!

"Mtani kaja!" ua mzima ukalipuka. "Mtani kaja na gari la serikali!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Priska, mara ya kwanza tangu Jumatano, meno yakaonekana. "Kumbe wewe Myao siku tatu ulikuwa unangoja lifti? Njoo uwashe moto, mchawi wee!"

Abuu hakucheka. Alitazama vidole vya miguu yake.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Nani ndiye mwanamke aliyekuwa anakaa na yule mhamiaji?" Sajenti akauliza.

"Mimi ndiye *mke* wa Nikolao."

"Sawa. Sikiliza, na wananchi wote msikilize, maana nasikia kuna maneno maneno hapa, eti polisi wameua, eti polisi wanabagua." Akakunjua karatasi. "'Mimi Abuu, mkazi wa Chiungutwa, nathibitisha kwamba mtu huyo simfahamu. Nilimsikia kwa masikio yangu akikiri amevuka Ruvuma.' Dole gumba hili hapa. Shahidi huyu hapa. Wewe mama utatia dole kwamba umesomewa. Halafu tutapekua nyumba. Ukikataa, una kesi ya kuficha mhamiaji haramu."

Simfahamu! Watu wakamtazama Abuu, wakatazama karatasi, wakamtazama Abuu tena.

"Abuu," Priska akaita. "Ni wewe uliyemtaja?"

Abuu akaishusha baraghashia mpaka kwenye nyusi.

"Nitasema mimi!"

Rahima. Nani angedhani? Alijichomoa kwenye ua, mabua yamemng'ang'ania kichwani, akasimama kati ya mchi na bunduki.

"Nitasema, nichukueni! Nikolao alifika na baiskeli yake. Abuu yuko barazani anakunywa kahawa. Akapiga kelele kama kila wanapokutana, miaka yote: 'Afande, kamata huyo Mmawia! Kaogelea Ruvuma jana, kaptula haijakauka!' Gulio zima tukacheka. Nikolao naye akacheka, akajibu: 'Mkamateni na huyo Myao, ndiye aliyenivusha mgongoni!'"

Watu wakashika vichwa. Kila mmoja pale ameshatania hivyo. Kila mmoja ameshajibu hivyo.

"Huyu afande akasema, 'Umekiri.' Akampiga rungu la kwanza hapa." Rahima akajigusa shingo. "Na Nikolao bado anacheka! Alidhani na lile rungu ni utani! La pili ndilo lililomnyamazisha. Akamwita, 'Abuu, waambie. Abuu, waambie basi.' Afande akamgeukia Abuu: 'Ni wewe uliyemvusha?' Huyu hapa akatazama ndani ya kikombe chake. Akasema, 'Mtu huyu simjui.'"

Nzi walisikika. Wengi wao walikuwa chumbani, kwenye kawa.

"Hicho kichekesho mkamsimulie hakimu," akasema Sajenti. "Mtu kaulizwa, kakiri. Utani wenu mimi umenihusu nini? Halafu tuwe wakweli, wananchi. Ile sura. Mtanzania ana sura ile?"

Msomaji, ningependa kukwambia watu walisimama. Hawakusimama.

"Hapana, afande," akajibu Silvano.

"Hapana, afande," wakaitikia wengine watano sita.

Mzee Khalidi akafunga kifungo cha juu kabisa cha shati lake, kile cha kukaba koo.

* * *

Ndipo Priska akacheka.

Kicheko kirefu, cha tumboni, mpaka akajishika kiuno. Sajenti akarudi nyuma hatua moja. Watu wakanong'onezana kwamba mama wa watu kashapoteza akili.

"Afande," akasema anapangusa macho, "umetafuta shahidi wilaya mbili, ukaishia kuokota Myao? Huyu si mtu, huyu ni debe! Wayao midomo yao kama mfuko uliotoboka, ukitia neno kijijini, unalikuta limeanguka mjini!"

Mmoja akacheka kwa pua. Abuu akainua jicho.

Hapa ujue sheria. Utani wa msibani lazima ujibiwe. Mtani anayetukanwa akanyamaza, amekubali mbele ya watu kwamba tusi ni la kweli, na litamfuata yeye na wajukuu zake. Abuu hajawahi kunyamaza. Abuu alikuwa bingwa wa matusi kutoka Masasi mpaka Newala. Watu walitamani kufa ili aje awatukane.

"Na hilo dole gumba!" Priska akaendelea, anamzunguka. "Eti leo linatiwa kwenye karatasi ya serikali! Si ndilo ulilokuwa unalinyonya mpaka ukaota ndevu?"

Sasa walicheka kumi.

Mdomo wa Abuu ukacheza. "Afadhali mimi dole langu," akasema, sauti imekauka. "Nyie Wamakonde panya akiwaona anaingia mwenyewe chunguni, kachoka kufukuzwa."

"Ehee!" ua ukashangilia. Mtani kaamka!

"Mzee, nyamaza," Sajenti akamwonya.

"Mwache aseme, afande, ana nini cha kusema? Panya tunamla, lakini hatumkimbii! Wewe kifaranga kikikohoa unaomba hifadhi!"

"Mimi? Kuku wenu wanatembea na fimbo kwa kukosa mahindi!"

"Mwoga!"

"Mchafu!"

"Mwoga tangu utotoni!" Priska akasimama mbele ya uso wake. Hakuwa anacheka tena, lakini Abuu, damu imeshapanda, hakuona. "Unadhani Nikolao hakunisimulia? Jandoni waliingia wanaume kumi na wawili. Kumi na mmoja walinyamaza kiume. Mmoja akalia. Myao mmoja tu! Akamwita mama yake mpaka ndege wakahama mti!"

"Mwongo!"

Ilimtoka kama risasi.

"Mwongo mkubwa! Nilie mimi? Aliyelia ni Nikolao! Alimng'ata ngariba! Wakanitia dole langu mimi kinywani mwake asiwang'ate tena, akalikamata mpaka mfupa, na mimi sikutoa hata *eh*! Alama ya meno yake hii hapa! Meno ya Nikolao haya hapa! Hapahapa Makote, chini ya kisima, leo mwaka wa hamsini na tisa!"

Dole gumba lilisimama hewani. Kovu la meno manne, jeupe, kongwe. Na juu ya kovu, mbichi bado, wino wa zambarau wa kituo cha polisi.

Wazee walijifunika nyuso. Ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake, hata kwa panga shingoni. Kwa hiyo hapakuwa na mtu pale, mwanamume wala mwanamke, aliyeweza kusema Abuu anadanganya.

Kalamu ya Mzee Khalidi ikasikika ikikwaruza daftari. "Hapahapa Makote," alikuwa anasoma polepole anapoandika. "Chini ya kisima. Leo mwaka wa hamsini na tisa. Endelea, Abuu. Alama ya meno ya nani, umesema?"

Abuu akashusha mkono, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nikolao hakunisimulia chochote," Priska akasema. "Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, ya jandoni hakuyataja hata akiwa na homa. Nimetunga, mtani."

Sajenti Zabroni alikuwa wa kwanza kuzinduka.

"Mzee, panda gari! Umetia dole kwenye maelezo ya uongo, unajua hiyo ni miaka mingapi? Panda! Na wewe mama, zima hiyo simu!"

Simu ilikuwa ya Rahima. Ameishika kwa mikono miwili, imeelekea usoni kwa Sajenti.

"Zima, nimesema!"

"Jumanne niliuza mihogo, afande," Rahima akasema. Simu haikushuka. "Leo sina mihogo."

Simu ya pili ikainuka. Ya tatu. Ya tano. Watu walewale! Waliosema "hapana afande" walikuwa wanagombea nafasi ya kupiga picha vizuri. Sajenti akaona, akavuta kofia chini, akarudi kando ya difenda. Akawasha sigara. Akatabasamu, maana alichokiona kinakuja kilimfaa kuliko pingu.

Watu walikuwa wamemgeukia Abuu.

"Muuaji!" Ni nani wa kwanza? Silvano, na gogo mkononi! "Katuulia Baba Lameck wetu! Mzee wa watu, mzaliwa wa hapa!"

"Mzaliwa wa hapahapa!" akaitikia yule mwanamke wa maneno ya kuvuta.

"Mchomeni!"

Jiwe la kwanza likaiangusha baraghashia. La pili likamfungua nyusi. Abuu akakimbilia gari. Sajenti akamfungulia mlango wa nyuma kwa adabu zote.

"Karibu, mzee. Huku kesi ya uongo, na ya kumvusha mtu. Au baki na ndugu zako. Uchaguzi wako."

Abuu akasimama katikati. Mbele pingu, nyuma magogo. Mzee mwenye miaka yake, damu inamwingia jichoni, akaanguka kwa magoti mchangani.

"Shemeji," akamwita Priska. "Nitatia dole kwa mwenyekiti. Natia sasa hivi. Waambie tu wasinichome."

Mzee Khalidi akaja mbio na barua na kidau cha wino. Kila kitu kilikuwa tayari. Dole moja tu, na Nikolao anarudi nyumbani, ananyooshwa miguu kwenye kaburi refu.

"Bado," akasema Priska.

"Mama Lameck!" Mwenyekiti hakuamini. "Kuna saa nne ya kesho!"

"Nimesema bado."

Akauokota mchi wake. Akapita kati ya watu, wakampisha. Akampita Silvano, akamnyang'anya gogo bila kumtazama. Akafika mlangoni kwake.

"Afande," akasema kwa heshima kabisa, "hata huko kwenu, mtu haondolewi msibani hajala. Tupe dakika kumi. Hizo simu zitakuhesabia."

Sajenti akazitazama simu. Akatazama saa. "Kumi," akasema.

Priska akausukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma, mkono puani. Mmoja akageuka kutapika kwenye ua. Ndani, juu ya mkeka, kando ya kigoda cha fundi baiskeli, sahani ya Jumanne ilikuwa palepale, na nzi juu ya kawa walikuwa weusi kama pilipili manga.

"Ugali wa muhogo na kisamvu," akasema Priska. "Mpishi mimi, mwenyewe Nikolao. Niliapa kawa halifunuliwi mpaka arudi, na wewe ndiye njia yake ya kurudi. Na chakula cha msiba anaanza mtani, ndivyo tulivyolelewa. Barua itakaa hapa kando. Sahani ikiwa nyeupe, utatia dole. Hilohilo."

Abuu akatazama gari. Akatazama magogo. Akatazama dole lake. Akatambaa kwa magoti mpaka kizingitini, akainua uso, machozi na damu ni njia moja.

"Shemeji, hiki kitaniua."

Priska akainama, akamshika bega kwa upole kama amshikavyo mgeni aliyetoka mbali, na kwa mkono wa pili akafunua kawa.

"Karibu ndani, mtani," akasema. "Nawa mikono, ule."